Tangi Lililougua

Harufu nzuri ndiyo iliyomshtua. Bi Reki alikuwa ameinama juu ya chekeche, anavutana na suruali ya mtu iliyojisokota kwenye vyuma, mguu mmoja umekwenda kulia, mwingine kushoto, kana kwamba mwenyewe bado yumo na hataki kutoka. Mara upepo ukageuka, na pua yake ikanusa kitu ambacho haikuwahi kukinusa mahali pale kwa miaka kumi na tisa. Maua. Maua na hospitali.

Akasimama wima, mkono kiunoni. Akanusa tena.

"Ee Mungu," akasema. "Nani kafanya usafi?"

Mtu asiyejua angeshangaa. Majitaka ya mji mzima yalikuja kwenye mtambo ule, ya vyooni, ya majikoni, ya mabafuni, na mtu angedhani harufu nzuri ingepokewa kwa vigelegele. Lakini Bi Reki alizijua harufu za kazi yake kama mama anavyojua vilio vya mtoto. Chekeche lilinuka vibaya, hilo halina mjadala, maana hapo ndipo alipoyanasa ya watu kwa reki lake: matambara, nywele za bandia, vijiko, na siku moja meno, seti nzima, ya juu na ya chini. Watu wa mji walikiona choo kama shimo lisilo na mwisho. Wakishavuta maji, kwao dunia imekwisha. Lakini tangi kubwa la hewa, hilo halikutakiwa kunuka vibaya wala vizuri. Lilitakiwa kunuka udongo uliolowa. Likinuka udongo, ni zima.

Aliiacha suruali na miguu yake, akashika njia ya tangi. Magoti yalilalamika, akayaambia yangoje.

Meneja alikuwa amesimama juu ya ukingo, shati jeupe, viatu vinang'aa, uso umejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Vibarua wawili walikuwa wanayakusanya madumu matupu. Bi Reki aliyahesabu kwa macho huku anapanda ngazi. Kumi na manne.

"Bosi, hiyo nini?"

"Dawa, mama. Ile wanayosafishia vyoo vya hospitali. Kali, lakini ina marashi ndani yake. Vuta pumzi, mama, vuta! Si unaona?"

"Mmemimina ngapi?"

"Zote."

Bi Reki alitazama chini. Tangi lililokuwa na rangi ya kahawia jana, kahawia nzuri ya mgongo wa ng'ombe, sasa lilikuwa linageuka kijivu, na juu yake povu jeupe lilicheza kama la mtu anayefua mashuka. Mashine ya hewa ilikuwa inanguruma kama kawaida, inapuliza, maskini, haijui inampulizia nani.

"Umewaua," akasema.

"Kina nani?"

"Wadudu."

Meneja akacheka kidogo, kwa adabu. "Sasa mama, si ndiyo kazi ya dawa?"

Kuna wakati mtu anakasirika hadi anakosa pa kuanzia. Bi Reki alikuwa ameshamweleza. Wiki ya kwanza Meneja alipoletwa kutoka kusimamia hoteli, Bi Reki alimtembeza mtambo mzima, akamsimamisha papo hapo alipokuwa amesimama, akamwambia taratibu kama anamwambia mtoto wa darasa la kwanza: humu ndani mna wadudu wasioonekana kwa macho, ndio wanaokula uchafu. Sisi tunawapa hewa tu. Wakishashiba wanashikamana, wanazama, maji ya juu yanabaki meupe, hayo ndiyo yanakwenda mtoni. Meneja akatikisa kichwa, akasema nimekuelewa kabisa mama. Kumbe alielewa kama anavyoitikia salamu mtu aliye kwenye simu.

"Nilikwambia nini kuhusu hawa wadudu?"

"Uliniambia wapo wengi, mama. Ndiyo maana nikaagiza madumu kumi na manne."

"Toba!"

"Mkaguzi anafika saa nne," alisema Meneja, na sauti yake ikaanza kupungua. "Nilitaka akute pasafi."

Bi Reki alikuwa ameshageuka, anashuka ngazi kinyumenyume kama wanavyoshuka watu wa umri wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa anakimbia.

Alikimbilia lango la mto.

Kilikuwa kiangazi, na wakati wa kiangazi mto ule haukuwa mto wa kujisifia. Ulitoka vilimani kama uzi, na ulipopita mtambo ndipo ulipopata mwili, kwa sababu zaidi ya nusu ya maji yake yalitoka hapo. Watu wa chini hawakulijua hilo, au walilijua wakaamua kutolifikiria. Walimwagilia bustani, walinywesha mifugo, watoto wao walioga. Mdogo wake Bi Reki mwenyewe alikuwa na kitalu cha miche kwenye bonde, na bata kumi na mmoja waliojiona wenye mto.

Alilishika gurudumu la lango akaanza kuzungusha. Kulifunga kabisa ni mizunguko arobaini na miwili, na ule wa thelathini ndio mbaya, maana hapo chuma kina kutu. Alipofika mwisho, maji yalisita, yakatafuta pa kwenda, yakageuka kuelekea bwawa la akiba. Bwawa hilo lilichimbwa kwa siku kama hiyo. Lilibeba maji ya siku tatu, nne kama watu wa mji wangekubali kutooga, na hawakuwa watu wa kukubali.

Kisha Bi Reki akafanya jambo ambalo halikuandikwa popote. Alilichomoa gurudumu kwenye nguzo yake, akaliweka chini penye kivuli, akalikalia.

Meneja alimkuta hapo.

"Mama, mbona maji hayatoki?"

"Nimefunga."

"Mama! Mkaguzi anakuja kuona maji yanavyotoka! Ndicho anachokuja kuona!"

"Basi ataona yanavyokaa."

"Gurudumu liko wapi?"

"Lipo mahali salama."

Meneja alimtazama alivyokaa, akaelewa. Akainama kidogo, kisha akajirudi, maana hakuna chuo wanakofundisha namna ya kumwinua mama wa watu wa miaka hamsini na nane kutoka juu ya kitu asichotaka kukitoa.

"Nitakuandikia barua ya onyo," akasema.

"Andika kwa herufi kubwa, miwani yangu imevunjika."

Mkaguzi alifika saa nne kasorobo, kama wanavyofika wakaguzi wote, mapema ili wakute watu wanafagia. Alikuwa mama mfupi wa makamo, viatu vya mpira ameletewa na dereva wake, daftari kwapani. Pale getini alivuta hewa akasema, "Hapa pananukia," na Meneja akachanua. Walipofika kwenye mdomo wa kumwagia maji mtoni, Mkaguzi akasimama. Sakafu ya zege ilikuwa kavu. Kereng'ende mmoja alitua, akaona hakuna kitu, akaondoka.

"Maji yako wapi?"

"Yako kwenye matengenezo," alisema Meneja.

"Maji ndiyo yanatengenezwa?"

"Ndiyo. Yaani, hapana. Yaani kuna matengenezo, na maji yapo."

Mkaguzi akageuka, akamwona Bi Reki. "Na wewe mama, shikamoo yako. Umekalia nini?"

"Marahaba. Nimekalia gurudumu la lango."

"Kwa nini?"

Meneja alitazama viatu vyake. Bi Reki alimwona anavyotazama, akaona na jasho linavyomshuka kwenye kola. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, tamu kama sukari: huyu hapa, mwulize yeye. Akalimeza.

"Tangi limeugua," akasema. "Likiugua hatutoi maji."

Mkaguzi hakuuliza limeugua nini. Alikwenda mwenyewe hadi tangini, akapanda, akatazama lile povu, akanusa kwa muda mrefu zaidi ya pale getini. Akaandika. Kisha akafunga daftari.

"Alhamisi saa nne nitarudi na chupa zangu. Nataka nikute tangi limepona na maji yanatoka. Nikikuta vinginevyo, naandika kwamba mtambo umewashinda, wote mnaondoka, kuanzia mwenye shati jeupe mpaka anayekalia gurudumu." Akamgeukia Bi Reki. "Bwawa lenu linabeba siku ngapi?"

"Tatu."

"Kwa hiyo Alhamisi."

"Alhamisi asubuhi litamwagika lenyewe. Halingoji lango wala mtu. Yatakwenda mtoni yalivyo."

"Basi mnajua," alisema Mkaguzi, akaenda kuvua viatu vya mpira.

Gari lilipoondoka Meneja alibaki amesimama kama nguo iliyosahaulika kambani.

"Kwa nini hukunitaja?"

Bi Reki alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Ningekutaja ningepata nini? Ningebaki na tangi lilelile, na meneja mpya wa kumfundisha toka mwanzo. Wewe ni wa tano, mwanangu. Nimechoka kufundisha. Wewe angalau umeshaua, hutaua tena. Sasa nipe simu yako, yangu haina chaji."

Alimpigia shemeji yake, mume wa mdogo wake, anayeendesha boza la kunyonya vyoo. Ng'ambo ya vilima kulikuwa na mji mwingine, nao una mtambo kama huu, na tangi lake lilikuwa zima. Wangewapa tope la kahawia lenye wadudu hai, liwe mbegu, kama mtu anavyoomba hamira kwa jirani. Wadudu wangeachwa wazaliane wenyewe, ingechukua wiki tatu. Wakipandwa, labda siku mbili. Labda.

"Shemeji," ilisema sauti ya simu, "yaani miaka yote nimekuwa nayapeleka, leo unanituma niyafuate?"

"Nenda, baba. Utani tutafanya baadaye."

"Na mdogo wako nimwambie nakwenda wapi?"

"Mwambie unakwenda kutafuta mke wa pili. Akijua ukweli atakasirika zaidi."

Jumanne saa tatu asubuhi boza liliingia linatweta. Shemeji alikuwa ameamka alfajiri, macho mekundu, lakini alikuwa anajisikia shujaa, na Meneja alimpokea kama shujaa, mikono juu. "Mimina!" alipiga kelele. "Mimina, kaka, mimina!"

"Atakayegusa bomba nitamkata mkono," alisema Bi Reki.

Wote wawili wakamtazama.

"Dawa bado imo. Hamuinusi? Ukiwamwaga sasa unawazika na wenzao, shimo moja."

"Shemeji," alisema dereva, "nimebeba mavi ya mji wa watu kilomita tisini. Nimeyaendesha polepole kama bibi arusi, kwenye mashimo nimeyaomba radhi. Halafu unaniambia ningoje?"

"Ungoje."

"Mpaka lini?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, na Bi Reki aliujua kuliko wote. Ndani ya boza hakuna hewa. Wadudu wale wangekaa saa chache, kisha wangeanza kufa mmoja mmoja gizani. Akiwahi, dawa itawaua. Akichelewa, watakufa kwa kukosa pumzi. Majitaka mapya yalikuwa yanaingia tangini tangu jana, na yale majitaka ndiyo yanayoila dawa kidogo kidogo, lakini yamebakiza kiasi gani? Pua yake ilimwambia dawa imo. Haikumwambia ni ya saa moja au ya siku nzima, maana tangu jana pua ilikuwa imejaa maua mpaka kwenye ubongo.

"Kama tungekuwa na kitu cha kuipima," akasema, anajisemea zaidi kuliko kuwaambia.

"Zile karatasi?" alisema Meneja.

"Karatasi gani?"

"Za bwawa la kuogelea. Hotelini tulikuwa tunachovya kila asubuhi, kujua dawa imezidi au imepungua. Ikizidi wageni wanalia macho. Ninazo kwenye gari, boksi zima, nilisahau kuzirudisha."

Bi Reki alimkazia macho. "Kumbe unajua."

"Najua ya kuogelea, mama."

"Unajua kwamba dawa inazidi, inapungua, inapimwa. Unajua yote hayo. Halafu madumu kumi na manne!"

"Lakini kule hatukuwa na wadudu!"

"Kimbia kalete, kabla sijasahau kwamba wewe ni mtoto wa mwenzangu."

Alikimbia. Viatu vile havikutengenezwa kwa mbio, lakini alikimbia. Karatasi zilikuwa ndogo, upana wa kidole. Ya kwanza waliichovya saa tatu na nusu, ikageuka zambarau kama kitambaa cha gauni la kanisani. Ya saa nne na nusu, zambarau. Shemeji alilala chini ya boza lake. Ya saa tano na nusu ilitoka na rangi ya waridi, na Meneja akasema nadhani inatosha, na Bi Reki akasema hulipwi kwa kudhani. Alikwenda mara tatu kugonga ubavu wa boza kwa kiganja, hajui kwa nini, kama mtu anayepiga hodi kuhakikisha wenye nyumba wapo. Saa saba karatasi ilitoka na kivuli cha rangi tu. Saa saba na robo ikatoka nyeupe.

"Amka," alimwambia shemeji yake. "Mimina."

Tope la kahawia lilishuka kwa kishindo ndani ya ule ukijivu, likazama, likapotea. Hakuna kilichobadilika. Meneja alisubiri, akatazama, akauliza kama ni hivyo tu.

"Ulitaka wapige makofi?" alisema Bi Reki.

Shemeji akageuza gari, kwenda kufuata la pili.

Jumatano mdogo wake Bi Reki hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, khanga imefungwa kiunoni tayari kwa vita, na mlinzi wa getini alimtazama mara moja akaona bora afungue.

"Umetufungia mto!"

"Nimeufunga."

"Dada, miche yangu elfu mbili! Imelala chini kama walevi! Bata wangu wamesimama kwenye matope wanatazamana, kama abiria walioachwa na gari. Watu wa bonde lote wanasema ni dada yako huyo, dada yako na reki lake. Mimi nitaficha wapi uso?"

"Ungependa nikufungulie maji yenye dawa na kinyesi kibichi?"

"Ningependa maji!"

"Ungemwagilia, miche ingekauka, ungekuja hapa kunitukana hivihivi."

"Ningekutukana siku nyingine! Leo ningekuwa nimepumzika!" Akakaa kwenye jiwe, kwa sababu kilima kilikuwa kimemchosha. "Lini unafungua?"

"Sijui."

"Miaka kumi na tisa umo humu ndani, hujui?"

"Waulize wao," alisema Bi Reki, akaelekeza tangi kwa kidevu.

Mdogo wake alilitazama tangi, kisha akamtazama dada yake, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Umekula?"

"Sina muda wa kula."

"Una muda wa kuchakaa tu. Na ni nani aliyefanya haya? Usiniambie limeugua lenyewe. Mimi si mkaguzi."

Bi Reki alikuwa anatafuta jibu la kumpoza. Meneja alikuwa anapita na ndoo, suruali imekunjwa mpaka magotini, shati lilelile la juzi lakini si jeupe tena. Alisimama. Angeweza kupita.

"Ni mimi, mama," akasema.

Mdogo wake Bi Reki alimpima kuanzia miguuni mpaka kichwani, na njiani alichukua muda wake. "Wewe?"

"Ndiyo."

"Na umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Maskini wazazi wako." Akainuka, akajikung'uta. "Una gari?"

"Ninalo."

"Kajaze madumu kwenye bomba la mji. Tunakwenda kitaluni. Na usinikimbize, mgongo unaniuma."

Meneja alimtazama Bi Reki kuomba ruhusa, au kuomba msaada. Bi Reki aligeuka akaenda kwenye chekeche, maana mji haukuacha kuvuta vyoo kwa sababu ya shida zao, na huko lilikuwa linamngoja pazia zima la mlangoni, na vishikizo vyake. Alivuta, akavuta. Alikuwa amechoka na mji huu. Amechoka na watu wanaosukuma mambo yao chini halafu wanaziba pua wakipita nje ya ukuta, amechoka na mameneja, na magoti, na mto ambao haukuwahi kusema ahsante. Pazia lilipotoka alilitupa kwenye toroli kwa nguvu, kisha akapinda mgongo akaanza upya.

Meneja alirudi jioni, matope mpaka kwenye nyusi. Alisema miche ya mbele imeinuka kidogo. Alisema pia bata mmoja amemuuma.

Alhamisi kulipopambazuka, bwawa la akiba lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kufika ukingoni. Bi Reki alipima kwa kiganja chake mwenyewe, akakiweka kwenye zege, kidole gumba juu, kidole cha mwisho kwenye maji. Saa mbili na nusu alipima tena, vimebaki vidole vitatu. Shemeji alikuwa ameleta maboza manne kwa siku mbili. Tangi lilikuwa limeacha kuwa kijivu, lakini kahawia yake haikuwa na uhakika, ilikuwa kama chai ya mtu asiyejua kupika chai. Lilionekana lina uhai. Lakini kuonekana si kuzama. Uchafu ukiliwa ukashikamana ukazama, wadudu wako kazini. Usipozama, ni matope tu yanayozunguka.

Alichota chupa ya kioo yenye mdomo mpana kutoka katikati ya tangi, akaiweka juu ya ukuta mfupi, penye mwanga.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza Meneja.

"Tunaitazama. Nusu saa. Ukiona maji meupe yametokea juu na matope yameshuka, wapo. Tutafungua lango. Ukiona imebaki vilevile kama uji..."

"Nusu saa tu?"

"Nusu saa bila kuguswa. Ukiitikisa unawavuruga, wanaanza upya."

"Nimekuelewa kabisa, mama."

Bi Reki alienda kupima bwawa. Vidole viwili. Aliporudi, Meneja alikuwa ameinyanyua chupa juu, anaitazama dhidi ya jua, anaizungusha polepole.

"Weka chini!"

Aliiweka. Ndani mawingu ya kahawia yalipanda, yakazunguka, yakatanda juu mpaka chini.

"Nilitaka kuona kama wameanza," alisema.

"Walikuwa wameanza. Ukawaamsha."

Saa tatu na dakika tano wakaanza upya. Bi Reki hakuondoka tena. Alikaa upande mmoja wa chupa, Meneja upande wa pili, kama watu wawili wanaogombania sahani moja. Dakika kumi zikapita. Meneja akasogeza uso karibu. Akapiga chafya, na goti lake likagonga ukuta, mawingu yakapanda tena chupani.

Bi Reki alifumba macho. Aliyafumba muda mrefu, midomo inatembea, na kama alikuwa anaomba au anatukana ni yeye na Mola wake wanaojua.

"Kalia mikono," akasema bila kuyafumbua.

"Mama?"

"Mikono. Ikalie. Na goti lako lirudishe nyuma. Na ukitaka kupiga chafya, nenda kapigie kwenu."

Alikalia mikono. Mtu mzima, meneja mwenye ofisi na muhuri, alikaa juu ya viganja vyake pembeni ya tangi la majitaka. Saa tatu na dakika ishirini. Upande wa bwawa maji yalikuwa yanalamba zege kwa sauti ndogo, na Bi Reki hakwenda kupima, maana vidole havikuwa na jambo jipya la kumwambia. Saa tatu na nusu. Huko mbali, kwenye barabara ya juu, gari lilibadilisha gia kupanda kilima. Huenda lilikuwa la Mkaguzi, huenda la muuza gesi.

"Anakuja," alinong'ona Meneja.

"Shh."

Ndani ya chupa vipande vidogo, vidogo kuliko punje ya mtama, vilikuwa vinatafutana. Kimoja kilikigusa kingine, vikaungana, vikasita kama vinaulizana njia. Vikashuka kidogo. Vikasimama. Chini ya mdomo wa chupa, juu kabisa, palikuwa pamebaki wazi mahali pembamba, upana wa ukucha, au nusu ya ukucha, au ni macho ya Bi Reki tu na ile miwani iliyovunjika. Akainamisha kichwa, akatazama usawa wa hapo.

Kupitia hapo, penye maji meupe, aliona kitu upande wa pili, kimepinda na kukuzwa na kioo. Kilikuwa kidole cha Meneja. Kilikuwa kimechomoka chini ya paja lake, kimenyooka kuelekea kwenye chupa, kinatetemeka, na umbali wa nywele moja kabla ya kuigusa, kimesimama.